Jinsi nilivyoipatanisha Höfner 500/1 ya miaka ya sitini

Höfner 500/1, gitaa la besi lenye umbo la fidla, ndiyo aina aliyoinunua Paul McCartney wa Beatles mjini Hamburg mwaka 1961. Niliyoishughulikia mimi ni ya baadaye kidogo: pikapu zake mbili, yaani vinasa mtetemo wa nyuzi, zimeachana, moja shingoni na nyingine karibu na daraja. Kwenye ile ya 1961 zote mbili zimebanana upande wa shingo.

Tatizo lake: nyuzi zikipigwa wazi, tyuni iko sawa, lakini ukipanda freti ya 12 (freti ni vyuma vinavyokatiza shingo) kila noti inakuwa juu kuliko inavyotakiwa.

Kosa lilikuwa darajani, kipande kinachobeba nyuzi juu ya mwili wa besi. Daraja la Höfner halifungwi kwa skrubu wala gundi. Hukaa juu ya ubao kwa mgandamizo wa nyuzi tu. Hili, fundi wa awali alikuwa ameligundisha, likakwama pasipo mahali pake. Nililing'oa kwa kisu chembamba kilichopashwa moto, polepole sana, maana ubao wa juu ni mwembamba na chini yake ni uwazi. Kisha nikatandika msasa namba 120 juu ya ubao, uso wa kukwaruza ukitazama juu, nikausugua wayo wa daraja hadi ukafuata mbinuko bila kuacha mwanya.

Nyuzi nilichagua bapa, zile zisizo na mikwaruzo. Hapa wengi huumia: urefu wa kupigia ni inchi 30, lakini kishikio cha mkiani, kinachoshika ncha za nyuzi, kiko mbali nyuma ya daraja, hivyo nyuzi fupi za kawaida zinaweza zisitoshe. Pima kutoka kishikio hadi mwanzo wa shingo upande wa kichwa kabla hujanunua. Ndefu kupita kiasi nazo ni hasara, kwa sababu sehemu nene ikizungushwa kwenye msumari wa kutyuni, uzi bapa hukatika.

Kimo cha nyuzi nilikirekebisha kabla ya kugusa mahali pa daraja. Uzi ulio juu sana huvutika ukibonyezwa, na noti hupanda hata kama daraja liko sawa. Nilizungusha vigurudumu viwili vya darajani hadi nikapata takriban milimita 2 chini ya uzi mwembamba wa G na 2.5 chini ya uzi mnene wa E, kwenye freti ya 12. Kuchonga kizuizi cha kichwani hakusaidii, kwani kimo cha upande huo kinaamuliwa na freti ya sifuri, ile iliyo mwanzo kabisa wa shingo.

Kutoka freti ya sifuri hadi ya 12 ni sentimita 38.1, nilianza kwa kuliweka daraja umbali uleule kutoka freti ya 12. Halafu niliugusa uzi kidogo tu juu ya freti hiyo, nikaupiga, nikalinganisha na noti ya kubonyeza. Ya kubonyeza ikiwa juu, daraja linarudi nyuma. Ikiwa chini, linasogea shingoni. Legeza uzi kwanza, la sivyo daraja litakwaruza rangi. Upande wa E uliishia nyuma zaidi kuliko wa G. Tofauti ndogo zilizobaki nilizimaliza kwa kuhamisha vipande vya waya wa freti vinavyobeba nyuzi, kwa kuwa kila kimoja kina vijifereji zaidi ya kimoja vya kukaa darajani. Mwisho nilizungushia wayo alama za utepe wa karatasi, na tangu hapo nabadilisha uzi mmoja mmoja.

Sauti ilipotoka hafifu kwenye spika, sikufungua kitu. Swichi ilikuwa upande wa Rhythm, ambao hupunguza nguvu, nikaisukuma Solo.