Rimu na vumbi la breki la Lushoto

Leo nimeteremka kutoka Lushoto hadi Mombo. Wanaoijua ile njia wanajua: kona juu ya kona, na hata ukiweka gia ndogo, breki utaikanyaga tu.

Nimefika nyumbani Tanga rimu za mbele nyeusi tii. Za nyuma afadhali, maana breki za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa.

Kijana anayetuoshea magari hapa mtaani alishashika ndoo.

"Mdogo wangu, subiri kwanza zipoe."

Diski ya breki ikiwa ya moto, ukiimwagia maji ya baridi, unaitafutia kupinda.

Zilipopoa tukapuliza ile dawa ya kutoa chuma.

Jamani!

Dakika chache tu, michirizi ya zambarau ikaanza kushuka, inapita katikati ya nati, inadondoka sakafuni. Ni dawa hiyo inapokutana na chembe za chuma zilizosagika kwenye diski na pedi za breki. Kijana akaweka brashi chini, akachuchumaa.

"Kaka, yote haya chuma?"

Yote. Na kwa unyevu huu wa bahari, kikiachwa kinashika kutu na kung'ang'ania kwenye rangi ya rimu. Wanaotumia tindikali kali wananiuma roho kweli: leo rimu inang'aa, baadaye imefubaa moja kwa moja.

Tukamalizia kwa brashi laini na shampuu ya gari, kabla dawa haijakauka.

Nyie mnasafishia nini? Na nani amepata pedi zisizotoa vumbi sana? Nitajieni hapa.