Kaseti ya fungate

Binamu yangu alipooa mwaka 1988, kila kitu kilikwisha pangwa ila kaseti. Fungate ingeliwa kwa kina biarusi, Kibokoni, Mombasa, siku saba ndani ya nyumba iliyojaa shangazi na watoto. Nyumba za Mji wa Kale zasikilizana; anayekohoa ghorofani hupewa pole na jirani wa ng'ambo ya kichochoro. Kwa hivyo redio kaseti chumbani haikuwa pambo. Ilifanya kazi mbili, kuwapa maharusi hamu na kuwapa sitara. Ami yangu alikuwa fundi wa redio, na mpenzi wa taarabu tangu enzi za santuri za Mzuri, lebo ya Mombasa, na kazi ile hakuna aliyethubutu kumgombania.

Alianza na kaseti tupu. Vijana walileta ya tisini, akairudisha. Ya tisini hubeba dakika 45 kila upande, lakini utepe wake una unene wa mikroni kama 12, na wa sitini ni kama 18. Redio yenye raba kuukuu huutafuna ule mwembamba, na hakuna bwana harusi anayetaka kukaa na penseli usiku wa manane akirudisha utepe ndani. Ya 120 hakukubali hata iwekwe mezani. Dakika 30 kila upande zilitosha nyimbo nne na nafasi ya udi, ile ala ya nyuzi, kufungua peke yake.

Kuchagua nyimbo ndiko kulikokula muda. Kila mmoja alikuja na kipenzi chake. Mmoja wetu alipendekeza mwimbaji Zuhura Swaleh, ile tashkota, ala ya nyuzi yenye vibonye, iliyotiwa umeme ikilia juu ya mdundo wa chakacha.

"Hiyo ni ya kuinua watu, mwanangu," ami akasema. "Hawa twataka wakae."

Hakuwa akiidharau. Chakacha ni ngoma ya wanawake, ya kiuno na miguu, na mdundo wake hauachi mtu akazungumza. Nyimbo za vijembe nazo zikatoka kwa sababu iliyo wazi, maana wimbo wa kumsuta jirani hauna kazi chumbani mwa maharusi.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya mwimbaji Juma Bhalo. Vijana walimtaka yeye mtupu, pande zote mbili. Ami alimpenda kuliko sisi sote, lakini alisema sehemu kubwa ya nyimbo zake ni za mtu aliyetendwa, na sauti ile ikilia hata asiyeachwa hujihisi kaachwa. Akachukua mbili tu, zenye tuni za Kihindi, harmoniamu mbele na tabla ikienda taratibu, mashairi yakiwa ya kusifu wala si ya kulalama.

Mlango wa kaseti alipewa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu na bingwa wa udi, na akaufungua kwa taksim, udi peke yake kwa dakika tatu hivi. Taksim haina mdundo, kwa hivyo haimkimbizi mtu. Huzunguka ndani ya makamu moja, yaani mpangilio mmoja wa nota, ikapanda, ikatua, ikapumzika, na mwenye kusikiliza huanza kupumua kwa mwendo huo bila kujua. Udi wenye nyuzi 11 una jozi tano na uzi mmoja wa besi. Nyuzi mbili za jozi haziwi sawa sawa hata ukizikaza vipi, na utamu wa sauti ile watoka kwenye hiyo tofauti ndogo. Mtu akija na kinanda cha umeme kilichonyooka kupita kiasi, mimi hapo ndipo hamu inaponitoka.

Baada ya taksim, tabla iingie polepole, kisha maneno. Ami alisisitiza maneno yasikike kwa sauti ya chini, na hapo rekodi nyingi za harusini zilianguka. Rekodi ya papo kwa papo ina joto lake, lakini watunzaji hupita mbele ya maiki na noti zao, na kigelegele kimoja cha karibu huurusha mshale wa kipimo cha sauti hadi kwenye nyekundu. Ukipunguza redio ili kigelegele kisiwashtue watu, shairi nalo linazama. Mashairi yetu ya mapenzi hayataji miili. Yanasema asumini, tunda, lulu, kisima, na kumwachia msikilizaji kazi ya kufumbua. Nusu ya mstari ikipotea, fumbo linabaki kelele tu. Akachagua zile zilizorekodiwa kwa utulivu, dukani au redioni.

Upande wa pili aliuanza kwa sauti ya mwanamke, Malika, kwa hoja kwamba biarusi naye asemewe. Kutoka hapo kila wimbo ulikuwa taratibu kuliko uliotangulia.

Mashine mbili ziliunganishwa kwa waya, moja icheze, moja irekodi. Hedi, vile vichwa vinavyosoma na kuandika utepe, zilifutwa kwa pamba na spiriti, na raba inayovuta utepe ikasuguliwa mpaka pamba ikatoka nyeupe. Dolby, mtambo wa kupunguza mvumo wa utepe, aliizima, kwa kuwa redio ya chumbani haikuwa nayo, na kanda iliyorekodiwa kwa Dolby ikichezwa bila Dolby kila "s" huchoma sikio. Mshale aliuacha uiguse sifuri na kuvuka kidogo tu kwenye vilele. Chini ya hapo, mvumo wa utepe unasikika kati ya maneno. Juu ya hapo, udi unapasuka.

Upande wa kwanza ulipoisha, akaucheza kwenye redio ya tatu. Sauti ya Zein ilikuwa nyembamba. Sisi hatukuisikia, yeye aliisikia papo hapo. Akachukua udi wake wa mazoezi, akakaza uzi ulingane na nota ya kwanza ya kanda mama, kisha akacheza nakala. Ilikuwa juu karibu nusu toni, yaani mwendo umepishana kwa kama asilimia 6. Belti ya mashine ya kurekodi ilikuwa imelegea, inateleza kwenye puli. Mashine ya kurekodi ikikawia, wimbo unaandikwa kwenye utepe mfupi zaidi. Ukienda kuchezwa kwa mwendo wa kawaida, sentimita 4.76 kwa sekunde, mwanamume mzima anaimba kama kijana asiyebaleghe. Belti mpya ikatiwa, puli ikafutwa spiriti, na upande wote ukarudiwa tangu mwanzo.

Kati ya wimbo na wimbo aliacha sekunde mbili. Mwisho wa kila upande alizungusha kitufe cha sauti kidogo kidogo, kama sekunde 20, halafu akaacha utepe mtupu wa dakika moja. Redio ile ilikuwa ikifika mwisho kifungo hufyatuka "tak!", na kishindo hicho kikija nyuma ya wimbo kwa ghafla humtoa mtu usingizini.

Kisha akaja somo wa biarusi, kungwi wake. Alisikiliza pande zote mbili huku amesimama, buibui mabegani, akakubali kila kitu ila wimbo wa tatu wa upande wa pili, unaotaja chombo kung'oa nanga.

"Mume ni baharia," akasema. "Akimaliza fungate yuaenda zake. Mwataka mwanangu alie siku ya pili?"

Ami hakubisha. Kuubadilisha wimbo ulio katikati si kazi nyepesi, maana mpya ukizidi unakula kichwa cha unaofuata. Alipima nafasi kwa saa, dakika sita na sekunde chache, akatafuta wimbo wa dakika tano na nusu, na baki akalijaza kwa kipande cha udi. Alianza kwa pozi, kifungo cha kuusimamisha utepe kwa muda: kaseti imeshikwa, kifungo cha kurekodi kimebonyezwa, na pozi ikaachiwa kwenye pumzi iliyo kabla ya mpigo wa kwanza. Ukibonyeza kurekodi bila pozi, mara nyingi utepe hubaki na mkwaruzo. Alipomaliza akavunja vijino viwili vya nyuma ya kaseti, ili asitokee mtoto wa nyumba akarekodi mpira juu yake.

Redio iliwekwa kwenye stuli kando ya dirisha, mbali na kitanda na mbali zaidi na chetezo. Moshi wa udi na ubani huacha utando wa kunata kwenye hedi, na baada ya siku mbili tatu sauti huwa kama imefunikwa blanketi. Betri mpya ziliachwa droo ya juu, kwa ajili ya stima kupotea.

Fungate ilipokwisha, nyumba mbili za mtaa ule zilileta kaseti tupu zikiomba nakala. Ami alizitoa kutoka kanda mama zilezile, wimbo baada ya wimbo, ingawa kunakili ile ya chumbani kungemchukua saa moja tu. Wimbo wa chombo aliurudisha mahali pake.