Kopo la Shangazi

Machi 2021 nilikuwa admini wa magrupu matatu ya WhatsApp: la ukoo, la tuliosoma pamoja, na la mtaa wetu hapa Dodoma. Usiku wa tarehe 17, Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, alipotangaza kwamba Rais Magufuli amefariki, nilikuwa nimeshapanda kitandani. Nililia. Kisha simu ikaanza kuita na kutetemeka, na sikulala hadi alfajiri.

Siku zilizofuata haikunyamaza. Video, sauti za dakika nane, picha zilezile zikizunguka grupu hili hadi lile, watu wazima wakitukanana kuhusu chanzo cha kifo, na mimi nafuta, naonya, naomba radhi kwa niaba yao. Nikisoma tu, tiki zikigeuka bluu, mtu anauliza mbona hujajibu. Tarehe 22, siku ya kuaga kitaifa Uwanja wa Jamhuri, nilisimama barabarani kwenye umati. Msafara wa jeneza umepita mbele yangu nimeinama, natuliza ugomvi wa kwenye grupu. Nilipoinua macho, wanawake waliokuwa pembeni yangu walikuwa wakifuta machozi, na magari yalikuwa yameshapita. Hilo linaniuma mpaka leo.

Jumamosi nikapanda gari la Hombolo, kwa shangazi. Zabibu zilikuwa zimeiva na watu wa kuvuna hawamtoshi. Shangazi hana simu janja, ana kitochi. Alinikaribisha, akaniangalia ninavyoongea naye macho yakiwa kwenye kioo, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, lete hiyo simu."

Akaizima, akaitia kwenye kopo tupu la unga wa uwele, akafunika.

Shambani akanipa mkasi. Makutupora nyekundu, vichala vizito vimejificha chini ya majani. Akanifundisha: shika kikonyo, usiguse punje, maana juu ya ganda pana ukungu mweupe, na kidole kikipita tu kinaacha alama. Unakata, unachambua zilizooza, unalaza kwenye kreti taratibu kama unayelaza mtoto. Kazi inayotaka mikono yote miwili. Lakini wangu wa kulia ulikuwa unakwenda mfukoni wenyewe. Nilihisi kabisa mtetemo pajani, na simu iko nyumbani ndani ya kopo! Nikageuka kushika mfuko, mkasi ukanikata kidole gumba cha kushoto.

Shangazi alichana upindo wa kanga yake, akanifunga. Tukakaa chini ya kichanja, jua kali, damu inapenya kitambaa. Akasema polepole, bila kuniangalia:

"Usiku ule wa msiba nilisikia redioni, niko peke yangu. Nikakubipu mara mbili."

Niliziona bipu zile. Niliziona kabisa, saa sita usiku, zikipita juu ya meseji za watu ambao wengine hata sura zao siwajui, nikajiambia nitampigia baadaye.

"Nisamehe, shangazi."

"Kunywa maji, mwanangu. Mstari ule bado."

Nilikaa siku nne. Niliporudi mjini nilikabidhi uadmini wa magrupu yote matatu, na sikusoma yaliyokuwa yamelundikana. Tangu hapo kila msimu wa mavuno nazima data, naenda.

Jana saa mbili usiku kitochi kimenibipu. Nimempigia kabla hakijakata mara ya pili. Zabibu, amesema, zimeanza kubadilika rangi.