Siku mjomba alipokagua stoo ya chuo cha filamu

Mwaka 2011, mgao wa umeme ukiwa umeikaba Dar es Salaam, shangazi alikubali kunilipia ada ya chuo kimoja cha filamu. Alitoa sharti moja: fedha haitoki mpaka mjomba aende akakione hicho chuo. Mjomba alikuwa ameshika kamera tangu enzi za kanda za VHS, kwenye harusi, matamasha na matangazo ya televisheni.

Hesabu ilikuwa ngumu kweli. Ada ya mwaka mzima ingeweza kununua kamera ya Canon 600D, lenzi ya milimita 50, stendi na kinasa sauti, na chenji ibaki. Mtaani wengi walishauri ninunue kamera, na hoja yao ilikuwa na uzito. Maduka ya DVD ya Kariakoo yalijaa filamu za watu ambao hawajawahi kukaa darasani, sehemu ya kwanza na ya pili zikiuzwa kila moja kwa bei yake. Hakuna mnunuzi aliyeuliza cheti cha muongozaji.

Ofisa wa taaluma alitupokea vizuri, akatandaza mezani mtaala na picha za mahafali. Mjomba alishukuru, akaomba tuonyeshwe stoo.

Kule alihesabu vinavyofanya kazi tu. Kamera zilikuwa nne: Sony PD170 mbili za kanda za mini DV, na Canon 600D mbili. Aliziwasha zote. Betri ya kamera namba tatu haikukaa hata dakika tano, akaniambia, "Mjomba, andika: tatu." Kisha akaelekeza 600D kwenye taa za tyubu. Kwenye kioo kukawa na mistari ya giza inayopanda taratibu. Kamera ilikuwa imewekwa NTSC, mfumo wa video wa nchi za umeme wa hezi 60 kama Marekani, fremu 30 kwa sekunde na shata ya 1/60, yaani kila fremu inapokea mwanga kwa moja ya sitini ya sekunde, wakati umeme wetu ni wa hezi 50. Taa za namna ile hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya 1/60 hailingani na mapigo hayo. 1/50 au 1/100 inalingana. Mjomba hakusema kitu. Alimpa kamera mwanafunzi aliyekuwa pale akirudisha vifaa, akamuuliza, "Hii ina nini?" Kijana akafungua menyu, akaweka PAL, mfumo wa nchi za hezi 50 kama yetu, fremu 25, shata 1/50, mistari ikapotea. Ule ndio ulikuwa ushahidi wa kwanza kwamba hapo kuna mtu anafundisha, na kwa maoni yangu ulizidi mtaala wote uliokuwa mezani.

Tatizo lilikuwa kwenye sauti. 600D ina tundu la maiki lakini haina tundu la hedifoni, kwa hiyo unarekodi bila kusikia unachorekodi. Waya ukilegea, utajua umeshafika nyumbani. Ndiyo maana kamera kama ile huambatana na kinasa sauti cha pembeni, na kibao cha kupigia kofi mwanzoni mwa kila shoti ili picha na sauti zioanishwe baadaye. Chuo kilikuwa na kinasa kimoja tu, Zoom H4n, na bumu moja, ile fimbo ndefu ya kushikia maiki. Zile Sony za kizamani zina matundu ya XLR, yaani ya waya za maiki za kitaalamu, na la hedifoni palepale kwenye kamera, lakini walimu walisema wanafunzi hawazitaki kwa sababu ya kanda. Nawaelewa: kanda ya saa moja inachukua saa moja kuingia kwenye kompyuta, tena umeme ukiwepo.

Mjomba akaniagiza nigawanye kwa kinasa, si kwa kamera. Darasa lina wanafunzi 40, makundi manane ya watu watano. Kila kundi linashuti siku mbili, na siku ya tatu ni ya kuchaji, kukagua na kukabidhi. Zamu inazunguka kila baada ya siku 24. Muhula wa wiki 15 unatoa mizunguko minne. Watu watano, mizunguko minne: kila muhula kuna mmoja kwenye kundi anayemaliza bila kuongoza chochote. Kwa hesabu ya kamera nne ungedhani mambo ni shwari.

Daftari la kutolea vifaa lilithibitisha. Kinasa kilitoka karibu kila siku, Sony zilikuwa zimelala wiki nzima. Ukienda kukagua chuo chochote, omba daftari hilo kabla ya kuomba kitu kingine. Kurasa safi maana yake vifaa ni vya maonyesho.

Kwenye chumba cha kuhariri aliuliza swali la msimu: umeme ukikatika? Jenereta lipo, mafuta wanachangia wanafunzi. Kompyuta sita, mbili tu zina UPS, betri ya kuzishikilia umeme ukikatika. Akaandika mwenyewe.

Halafu tukaonyeshwa filamu za mwaka uliotangulia. Mjomba alizisikiliza amefumba macho, ofisa akadhani amechoka. Katika filamu ya pili friji lilikuwa likinguruma mtu mmoja akiongea, likinyamaza mwenzake akijibu. Walishuti upande mmoja friji likiwa linafanya kazi, upande wa pili likiwa limepumzika, na hawakurekodi ukimya wa chumba. Sekunde 30 za ukimya huo, kila mtu amesimama kimya alipo, zingewapa cha kuzibia. Au wangelizima friji, na kuacha ufunguo wa gari ndani yake ili wasisahau kuliwasha wakati wa kuondoka.

Kabla ya kuaga aliuliza mawili: filamu ya mwanafunzi ni mali ya nani, na chuo kinatoa barua ya utambulisho? La kwanza linaamua kama unaweza kuipeleka kazi yako kwenye tamasha la filamu la ZIFF kule Zanzibar bila kuomba ruhusa ya mtu. Akataka jibu kwa maandishi. La pili ni faida ambayo watu wa "nunua kamera" hawaihesabu. Sheria ya filamu ya mwaka 1976 inataka kibali cha kupiga filamu, na ukisimama sokoni na stendi huna karatasi yoyote, mgambo anakumalizia asubuhi yako.

Nje tulimkuta tena yule kijana wa menyu. Mjomba hakumuuliza kama chuo ni kizuri. Alimuuliza ameongoza mazoezi mangapi, ameshika kamera kwenye mangapi, na sauti kwenye mangapi. Akajibu: mawili, manne, kumi na moja. Kwa nini sauti nyingi hivyo? "Hakuna anayeitaka, mzee. Kila kundi linanikodi."

Hapo ndipo uamuzi ulipopatikana. Shangazi alilipa muhula mmoja, si mwaka. Sehemu ya fedha zilizobaki tuliweka kwa ajili ya chakula na nauli za watu watakaonisaidia kushuti, kwa kuwa ada hailishi mtu kwenye lokesheni, na za diski mbili, moja ya kazi na moja ya nakala. Mimi ningeingia kama mtu wa sauti. Mtu wa kamera anasubiri zamu ya kundi lake. Mtu wa sauti anatoka na makundi yote manane, anaona waongozaji wanane wakihangaika, na mwisho wa mwaka wote anawadai wema.

Jioni ileile tukapita Kariakoo: hedifoni za kufunika sikio lote, betri nane za AA za kuchaji kwa sababu H4n inakula mbili mbili, na waya wa XLR wa mita tano. Njiani mjomba alinifundisha kuweka kinasa kwenye 48 kHz, kiwango cha kurekodi sauti ya video, na sauti ya mtu icheze karibu na desibeli -12 kwenye mita ya kinasa ili akipiga kelele isipasuke.

Shangazi alisoma risiti juu mpaka chini, akauliza, "Na kamera iko wapi?"

"Ipo stoo kwao," mjomba akamjibu. "Namba tatu. Betri imekufa."