Kilele cha gorogoro: jinsi nilivyoielewa theluthi ya pia

Ninauza nafaka katika soko la Kangemi, Nairobi, na karibu kila mteja anayenunua mahindi kwa gorogoro, yaani kopo letu la kupimia, hudai yarundikwe juu ya mdomo wa kopo mpaka yaanze kumwagika. Kwa miaka mingi sikujua kilele hicho kinanigharimu kiasi gani. Likizo moja nilimwomba binti yangu, aliyekuwa Kidato cha Pili, anikokotolee, kwa kuwa alikuwa amekwisha kufundishwa mijao ya maumbo. Tulipima kopo kwa ndani tukapata kipenyo cha sentimita 14 na kimo cha sentimita 15. Kilele kilisimama sentimita 3 juu ya ukingo. Akaandika kwamba kopo lina sentimita za ujazo 2,310 na kilele kina 231, yaani sehemu moja kwa kumi.

Nilipomuuliza amepataje hiyo 231, alisema pembetatu ni nusu ya mstatili wenye kitako na kimo sawa na chake, basi pia (umbo lenye kitako cha duara na ncha, kama kile kilele) nayo ni nusu ya mcheduara (umbo la kopo lenyewe). Kanuni ya theluthi, kwamba pia ni theluthi moja ya mcheduara wenye kitako na kimo sawa na chake, alikuwa ameikariri kwa ajili ya mtihani, na mtihani ulipokwisha nayo ikaenda zake. Sikumkemea, kwa maana hata mimi ningejibu vivyo hivyo. Nilichotaka ni kuiona theluthi hiyo kwa macho.

Tuliamua kutengeneza pia ya karatasi ngumu ya manila yenye mdomo na kimo sawa na vya gorogoro, kisha tuhesabu ni pia ngapi za mahindi zitakazolijaza kopo. Jaribio la kwanza lilituaibisha. Tulimimina tatu, na kopo likabaki na nafasi ya karibu sentimita 2. Binti yangu alikuwa tayari kuilaumu kanuni, lakini kosa lilikuwa letu: tulikuwa tumekata karatasi tukidhani sentimita 15 ndio urefu wa ubavu wa pia, ilhali 15 ni kimo chake cha wima. Ubavu ukiwa 15 na nusu ya kipenyo ikiwa 7, kimo hushuka hadi sentimita 13.3 hivi. Kwa kanuni ya Pythagoras ubavu unaofaa ni karibu sentimita 16.6, na kipande cha duara kinachokatwa kiwe na pembe ya nyuzi 152. Tulikata upya, tukafunga kwa selotepu. Hata hapo mahindi yalipungua kidogo, kwa sababu punje ni kubwa na haziingii vizuri kwenye ncha. Tulipobadilisha tukatumia wimbi, pia tatu zililijaza kopo mpaka ukingoni.

Kuona si kuelewa, na swali la nusu lilikuwa bado linamsumbua. Nililolipata, baada ya kuligeuzageuza usiku ule, ni kwamba pembetatu hupungua kwa upana tu, ilhali pia hupungua kwa upande huu na kwa upande ule kwa pamoja. Ukifika katikati ya kimo, nusu ya kipenyo imebaki nusu, lakini eneo la duara limebaki robo. Tuliisimamisha pia kwa ncha, tukatia alama katikati na kuijaza wimbi mpaka kwenye alama. Kipimo hicho kilihitajika mara nane kuijaza pia nzima. Nusu ya kimo inabeba sehemu moja tu kati ya nane! Tangu hapo hakuitaja nusu tena.

Baada ya pia tulitaka kulipima tufe, yaani umbo la mpira, nalo lilitusumbua zaidi, kwa kuwa mpira hauna mdomo wa kumiminia. Nilikumbuka boya la plastiki la tangi letu la maji, ambalo lilikuwa limepasuka na kutupwa nyuma ya nyumba. Tulilikata katikati kwa msumeno wa chuma. Kila nusu ilikuwa na kipenyo cha ndani cha sentimita 10.5, basi tukatengeneza mcheduara na pia, vyote vikiwa na mdomo huo huo na kimo cha sentimita 5.25. Tulimimina nusu boya moja la wimbi kwenye mcheduara, kisha pia moja juu yake, na mcheduara ukajaa. Kwa hiyo nusu tufe ni theluthi mbili za mcheduara huo. Na tufe zima likiwekwa ndani ya mcheduara likaugusa juu, chini na pembeni, basi ujazo wa pia yenye kitako na kimo cha mcheduara huo ukiwa 1, wa tufe ni 2 na wa mcheduara ni 3. Archimedes wa Syracuse, mwanahisabati Mgiriki aliyeuawa mwaka 212 K.K., aliuthamini uhusiano wa tufe na mcheduara kiasi cha kutaka michoro yake iwekwe kwenye kaburi lake, na Cicero, mwanasiasa wa Kirumi, alilitambua kaburi hilo kwa michoro hiyo mwaka 75 K.K., likiwa limefunikwa na vichaka. Binti yangu aliniuliza kwa nini mwalimu hakuanza na habari hiyo. Sikuwa na jibu.

Turudi kwenye mahindi. Theluthi ya mcheduara wenye kimo cha sentimita 3 ni sentimita za ujazo 154, ambazo ni sehemu moja kati ya 15 za kopo. Jumamosi, kabla ya wateja kujaa, tulipima gorogoro 15 za kurundika, tukazimwaga kwenye turubai, kisha tukazipima tena tukisawazisha kila moja kwa ubao, tukitarajia zitoke 16. Zilitoka 15 kamili, na ya 16 ikapungua karibu sentimita moja. Binti yangu aliutazama mwanya huo, akarundika kopo jingine na kunionyesha kilele chake: "Mama, angalia, kitako chake hakifiki ukingoni kabisa. Si pia kamili." Ile bei niliyokuwa nimepania kuipandisha kwa sehemu ya kumi niliiacha ilivyokuwa.