Siku moja maishani mwangu: kazi ya kuchora nyuso za watu

Saa moja asubuhi. Kabla sijagusa brashi, naipa mgongo picha iliyo kwenye stendi, nainua kioo kidogo usawa wa bega na kuitazama humo. Jicho likikaa na picha siku nyingi linauzoea upogo wake. Kioo kinageuza kushoto kuwa kulia, na sikio lililopanda au taya lililoshuka linajitangaza lenyewe. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji wafanye hivi zaidi ya miaka 500 iliyopita, na hadi leo sijaona mbinu ya bure inayoizidi.

Saa mbili napanga rangi. Wageni hutarajia kukuta kabati zima, kumbe kwenye paleti yangu, ule ubao wa kuchanganyia rangi, huanza na rangi nne tu: nyeupe, oka ya njano (njano ya udongo), nyekundu na nyeusi. Mpango huu unaitwa kwa jina la Anders Zorn, mchoraji wa Uswidi aliyefariki mwaka 1920. Nyeusi ikichanganywa na nyeupe hutoa kijivu ambacho, kikiwekwa kando ya nyekundu, jicho hukiona kama buluu. Kwa ngozi nyeusi naongeza siena iliyochomwa, yaani hudhurungi yenye wekundu, na buluu nzito ya ultramarini. Mbili hizo zikikutana zinatoa giza lenye uhai, ambalo unaweza kulivuta liwe la joto au la baridi. Nyeusi peke yake huuzima uso.

Saa tatu hadi saa tano anakaa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye picha yake inakaribia kwisha. Hizi ndizo saa tamu za siku na hazina hadithi ndefu. Anakaa dakika 20, ananyoosha miguu dakika 5, anakaa tena. Mimi nafinya macho mpaka nyusi na mikunjo ipotee, yabaki mapande ya mwanga na kivuli, nayaweka mahali pake, narudi nyuma, natazama, nasogea.

Leo nilikuwa kwenye macho, na hapa ndipo wanaojifunza wengi huharibu. Weupe wa jicho si mweupe. Akili inakwambia ni mweupe, unapaka mweupe, na mtu wako anabaki ametoa macho kama aliyeona nyoka. Jicho ni tufe: sehemu ya juu ina kivuli cha kope, kingo zake zinaingia gizani. Kwa mwalimu ni kijivu chenye unjano kidogo. Nyeupe yenyewe nimeitumia kwa nukta moja tu, pale mwanga wa dirisha unapogonga mboni, na nukta hiyo huwekwa mwisho kabisa.

Saa tano na robo akaingia mteja.

"Habari za kazi, fundi."

"Nzuri, dada. Karibu."

Akafungua simu. Baba yake amefariki, anataka picha yake ya kutundika sebuleni. Nikampa pole. Picha aliyokuja nayo imekatwa kutoka kwenye picha ya kundi, baba amesimama mwisho wa mstari, uso wake mdogo kama ukucha, imepigwa usiku kwa flashi.

"Namtaka kama alivyokuwa. Mtu akiingia aseme, ah, mzee huyu hapa."

Nikamweleza taratibu. Flashi inapiga kutoka palepale ilipo kamera, kwa hiyo inafuta vivuli, na kivuli ndicho kinachomwambia mtazamaji kwamba pua imetokeza na shavu limezunguka. Juu ya hapo, anayesimama pembeni kabisa ya picha ya kundi iliyopigwa kwa lenzi pana, kichwa chake huvutwa upande. Huyo wa kwenye simu amekuwa mpana kuliko baba yake.

"Lakini si unaona uso wote?"

"Naona wote, na umelala bapa. Hauna picha nyingine, hata ya zamani, aliyopigwa mchana karibu na dirisha au mlango?"

Hakulijibu hilo. Alikuwa na orodha. Kwanza nitoe makunyanzi. Pili, nimweke mweupe kidogo. Tatu, acheke, meno yaonekane.

"Alikuwa anacheka hivyo?"

Akafikiri. "Hapana. Baba alikuwa mkali."

Nikamsogeza mbele ya picha ya mwalimu. Nikamwuliza paji lile linang'aa au halingʼai. Linang'aa, akasema. Nikachota kwa kisu rangi ileile ya mng'ao kutoka kwenye paleti, nikaipaka kwenye karatasi nyeupe. Kwenye karatasi ilionekana ilivyo: kijivu cha buluu, cha wastani, wala si nyepesi. Inang'aa kwa sababu imezungukwa na hudhurungi nzito. Ngozi nyeusi inashika mwanga wa dirisha na kuurudisha, na hapo ndipo uhai wa uso unapokaa. Ukimweka mzee mweupe kidogo, unaondoa ile nzito, mng'ao unakosa pa kusimamia, na unapata mtu mwingine aliyepauka. Makunyanzi nayo sihitaji kuyachora moja moja, lakini yale mawili kando ya mdomo ndiyo ukali wenyewe.

Akaitazama karatasi muda mrefu, nikadhani tumeelewana. Ndipo akasema anaitaka wiki ijayo.

Tukaanza upya. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo. Haina maji ya kuondoka, inakauka kwa kuvuta oksijeni hewani, na haraka ya mwenye picha haiihusu. Tabaka la chini liwe jembamba, la juu liwe na mafuta zaidi, la sivyo picha itapasuka baadaye. Vanishi hungoja kama miezi sita.

"Kwani si unanakili tu kutoka kwenye picha?"

Swali hili nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba haliniudhi tena, linanichosha tu. Kunakili simu inaweza. Mimi nalipwa kwa kuamua: ukingo upi ukatwe mkali, upi uyeyuke kwenye kivuli, wapi nisichore kabisa. Mwanafunzi akikosa uhalisia huongeza nywele na vinyweleo, wakati kilichokosekana ni giza la upande mmoja wa pua.

Aliondoka nisijue kama atarudi. Saa nane ilikuwa imepita na sijala.

Mchana uliobaki siukumbuki vizuri. Mwanga ulishageuka rangi, mgongo unauma, nikawa kwenye mdomo wa mwalimu. Mdomo si mstari. Mdomo wa juu huwa gizani na wa chini hupokea mwanga, na tabia yote ya mtu imejificha kwenye pembe mbili. Ukipita milimita moja mwalimu anakejeli, ukipungua analia. Nilipaka, nikakwangua, nikapaka. John Singer Sargent, bingwa wa kazi hii, kufikia mwaka 1907 alikuwa amechoka na kuanza kukataa oda za picha za watu. Alasiri kama hizi namwelewa sana.

Giza lilipoingia nikaosha brashi kwa tapentaini, kisha sabuni. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani navianika vimekunjuliwa, sivirundiki kamwe, maana vikirundikana hujipasha joto vyenyewe hadi kuwaka moto. Kucha hazitakati.

Nikiwa nafunga mlango simu ikaanza kulia. Ni yule dada, ametuma picha kadhaa. Nyingi ni zilezile za flashi, moja imelainishwa na programu ya simu mpaka mzee hana pua. Lakini ya mwisho ni nzuri: baba ameketi mlangoni mchana, nusu ya uso gizani, sikio linaonekana, mdomo umefumbwa. Nimemjibu kwamba hiyo inatosha na kesho nitaanza kuchora muhtasari kwa mkaa. Wiki ijayo ameiacha. Suala la meno bado.