Shona jina yako mu kuvreli, na uishone nguvu

Chukua kitenge yoyote yenye uko nayo mu nyumba, angalia pembeni kabisa, pa ule mukanda mwembamba wenye fundi anakataka anatupa. Utasoma kitu pale. Kama ni Holandé ya kweli utakuta Véritable Wax Hollandais Vlisco, ni kampuni ya Uholanzi, ya muji wa Helmond, iko inafanya kazi toka 1846. Na ata ile ya kukopiya yenye tunauziwa bei kiloko ku soko ya Kadutu, hapa Bukavu, mara mingi iko na maandishi yake pembeni, yenye inajikaza kufanana na ya mukubwa wake. Sasa geuza kuvreli ya bipande, ile ya kutandika ku kitanda, yenye mama yako ao tantini yako alishona, angalia mugongo, angalia kona zote ine. Hakuna jina. Mwenye alipiga kitambaa rangi alisaini, mwenye alikata bipande mia, akabiunganisha kimoja kimoja usiku mu delestaji na toshi ya telefone, huyo hana jina.

Njo maneno ya leo. Etiketi ya kuvreli: unaandika nini, unaandika na nini, unaishona namna gani ili isitoke.

Nikisemaka hivi ba dada bengine banacheka, banasema etiketi ni ya ma-butiki, kwa mutu wa kushona mu nyumba ni majivuno. Majivuno gani? Benye mulisoma internat munajua vile mama alikuwa anakaa mbele ya kufungua masomo, anakushonea herufi zako ku shuka, ku taulo, ku shemizi, ju bila ile unarudi na shuka ya mutoto wa wengine yenye matobo. Hakuna mutu alimwambia anajivuna. Kitu yenye inatembea inahitaji jina, na kuvreli inatembeaka kuliko mwenye aliishona, inaenda ku arusi, inaenda na mutoto muchanga, inapanda bato ya Goma, inavuka Ruzizi, kisha unasikia tu iko Bruxelles ao Montréal, na kule hakuna mutu anakujua.

Kuko mama moja wa Marekani, Harriet Powers, alizaliwa mu utumwa ku Georgia mu 1837. Alishona kuvreli ya histwari za Biblia, Adamu na Eva, Kaini na Abeli, ndoto ya Yakobo, Yuda na feza yake, yote na bitambaa bya kukata na kushonea juu. Mu 1886 ilionyeshwa ku maonyesho ya pamba mu muji wa Athens, kule kule Georgia, na mwalimu moja wa kuchora, Jennie Smith, akaitamani, akataka kuinunua, mama akakataa. Kisha maisha ikakaza, njo akakubali kuiuzisha, aliomba dola 10, akapewa 5. Leo ile kuvreli iko mu muze ya taifa ku Washington na ingine yake iko Boston, watu banalipa tiketi ya ndege banaenda kuiangalia. Na kama leo tunajua kila picha inamaanisha nini, ni ju Jennie Smith alikamata kalamu akaandika vile mama mwenyewe alimueleza. Ni bahati tu. Angepata kliyenti mwenye hajali, leo pembeni yake bangeandika mushonaji hajulikane, tumemaliza. Na musifikiri mama aliuzisha akasahau, hapana, alikuwa anarudi mara na mara ku nyumba ya mwenye alinunua, kuiona tu. Hiyo sehemu ndiyo inaniumaka.

Basi, unaandika nini. Jina kwanza, na jina ya kweli. Sisi hapa Bukavu tunaitana Mama Fulani, mutoto wa kwanza akizaliwa jina yako imekwisha, lakini ukiandika Mama Furaha ku etiketi, niambie, ni Mama Furaha gani, ju mu Kadutu pekee utahesabu mpaka uchoke. Andika jina yako ya batizo na jina ya kwenu. Andika Bukavu, andika mwaka wenye umemaliza. Kama ni ya arusi, ya komunyo ama ya mutoto, andika ni ya nani, na siku yenyewe. Namba ya telefone mi sikubali, najua wengi banaweka ju ya biashara, lakini angalia wewe mwenyewe umebadilisha laini mara ngapi, leo Airtel kesho Vodacom, kuvreli ikidumu miaka makumi tatu ile namba itakuwa ya mutu mwingine kabisa na atachoka na batu ya kumuitaka ju ya bipande.

Kisha andika vile banafula. Hii ni muhimu kuliko watu banafikiri, ju mwenye anaipokea anaweza kuitia mu javeli siku ya kwanza. Ukikosa nafasi, chora zile alama zenye ziko ku nguo ya duka: beseni yenye namba 30 ndani, pembetatu yenye imekatwa na musalaba maana yake javeli hapana, na pasi yenye ma-pwe, zile nukta. Pwe moja ni moto ya digri 110, mbili ni 150, tatu ni 200. Kitenge ya kotoni pekee inavumilia tatu bila shida, lakini kama katikati umetia blanketi ya poliesteri, sawa vile wengi wetu tunafanya ju wati ya kweli, ile pamba ya kutia katikati, ni bei, usipitishe pwe moja, poliesteri ikipata moto mingi inajikunja na hairudie tena.

Sasa kalamu. Biki hapana. Biki ni ya karatasi, ukifula mara mbili tatu wino unasambaa, jina yako inageuka wingu ya bulu. Markeri nono ya kuandikia makartoni nayo hapana, wino yake inakimbia mu nyuzi, herufi zinavimba, "e" na "a" zinafungana. Na kuko zile biki za banafunzi zenye unaandika na unafuta kwa kusugua, mafundi wanazipenda sana kwa kuchora modeli ju ukipitisha pasi alama inapotea yote. Ni kweli inapotea, moto ndio inaifanya isionekane. Lakini wino haikutoka, iko pale imejificha, na baridi kali inairudisha. Bukavu hatuna baridi ya ile namna. Ila kuvreli yako ikifika Canada mu janvye, ikalala mu motoka usiku, hesabu zako zote za kukata zinaweza kuamka juu ya kitambaa, mbele ya bageni.

Kalamu yenye inafaa ni ya wino ya pigmenti, ile ncha nyembamba ya benye kuchora mapula, banasema haipotee na maji, ukikuta nunua mbili. Lakini ijaribu kwanza ku kipande cha kutupa, ifule na sabuni, ndio uiamini. Kitambaa ya etiketi iwe kotoni ya rangi ya kuangaza, nyeupe ao maziwa, na uifule mbele ya kuandika, ju kotoni mupya inapunguka, tena iko na wanga ya fabriki yenye inakataza wino kuingia. Ku bazungu wanabandikaka nyuma karatasi moja yenye plastiki, kwa pasi, ili kitambaa isitembee wakati unaandika. Usijisumbue kuitafuta. Uliza seremala wa avenyi yenu kipande ya papie veri, ile ya kusugua mbao, iweke chini ya kitambaa, inaikamata vizuri sana. Andika polepole, mukono mwepesi. Acha ikauke mpaka kesho, kisha piga pasi kavu, bila maji. Kama ni pasi ya makala, weka kitambaa ingine juu, ju ya majivu, unajua vile jivu moja inaweza kukuharibia asubuhi.

Na wino wa zamani wa kuandikia nguo, ule mweusi wenye uko na chuma ndani, ukiupewa na mutu ukatae. Mu miaka ya 1840 banamama ya Marekani balikuwa banafanya kuvreli za urafiki, kila mutu anaweka sinyatiri yake ku kipande yake, na zingine walitumia ule wino. Kisha ulikula kitambaa. Fasi ya jina ilibakia tobo yenye umbo ya herufi.

Mi mwenyewe napenda broderi. Inachukua wakati, ndiyo, lakini sindano na uzi biko kila fasi na haihitaji kutafuta kalamu ya Ulaya. Uzi ya broderi iko na nyuzi ndogo sita zenye zimeshikana, usishone na zote, toa mbili tu. Herufi zisipite chini ya santimetri moja. Shona na mushono wa kurudi nyuma: sindano inatokea mbele, inarudi kuingia pale mushono wa kwanza uliishia. Fasi ya kunyooka mishono inaweza kuwa mirefu, fasi ya kukunja, S, G, B, fupisha mpaka milimetri mbili, la sivyo S yako itakuwa Z. Mwenye anaitwa Lili ana bahati. Mwenye anaitwa Georgette Bisimwa, pole dada, lakini shona yote, usifupishe.

Kushona etiketi sasa. Namna yenye karibu bote banafanya ni hii: unakunja milimetri sita pande zote, unapiga pasi, unashika na bisindano ku kona ya chini ya mugongo, unashona kwa mukono kidogo kidogo, sindano inakamata kitambaa ya mugongo tu, isitokee upande wa uso. Inapendeza, haina shida. Lakini mutu mwenye mukasi kiloko anaitoa mbele chai haijapowa, na hautabakia ata alama.

Ya pili ni bora. Unakata mraba ya santimetri kumi na tano, unaikunja kona kwa kona ipate pembetatu, unaandika ao unabroda ku upande wenye utaonekana, unaiweka ku kona ya kuvreli mbele ya kutia biye, ule mukanda wa kufunga kingo. Kingo mbili zinalala sawasawa na kingo za kuvreli, biye inapita juu na inazifunga, unabakia kushona tu ule upande wa mukunjo. Haraka, safi, na mwenye anataka kuitoa lazima afungue biye.

Ya tatu ndiyo nafanyaka mi. Etiketi unaishona ku kitambaa ya mugongo mbele ya kupanga matabaka yote tatu, kisha mashini inapopita kushika uso na wati na mugongo, inapita juu ya etiketi pia. Mishono ya uso inaishika. Kuitoa ni kubomoa kazi. Angalia mambo mbili lakini. Usiiweke karibu sana na ukingo, acha santimetri kumi ao zaidi, ju ukimaliza kushona utakata kunyoosha pande, na unaweza kukata nusu ya jina. Na uchunguze mistari ya mashini itapita wapi, uipitishe kati ya mistari ya maandishi, isipande juu ya herufi. Zaidi ya ile, mbele ya kushona etiketi, ninaandika jina na mwaka na kalamu ya pigmenti ku kitambaa yenyewe ya mugongo, chini kabisa ya fasi etiketi itakaa. Haionekane. Ni mimi najua, na sasa nanyi.

Unaona nakaza sana. Ni ju kuko benye kununua kwa kuuzisha tena, wanachukua kuvreli kwa bei ya hapa, wanaenda kuiuzisha mbali, na wanapenda iwe bila jina ili waweke yao. Moja alifika ku ateliye, mutu wa heshima, alisalimia vizuri, aliangalia kuvreli tatu, akapenda zote, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama naweza kumutolea zile etiketi, ama oda yenye inakuja nisitie. Alisema bakliyenti yake banapenda kitu safi. Nilimuambia haina shida, mama, naweza kukushonea bila jina, lakini ile ni bei ingine, ju unanunua kuvreli na unanunua na jina, ni bintu mbili. Nikamuandikia ku karatasi: yenye jina, bei hii. Bila jina, bei hii mara mbili na nusu. Aliangalia karatasi, akaangalia kuvreli, akacheka, akalipa zenye jina.